Mdogo wangu alikaa miezi mitatu bila jina kwa sababu nilijifanya najua kusoma

Wakuu, salamu kutoka Kapsoya. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Mimi ni Kalasinga, yaani Sikh, mzaliwa wa Eldoret, sasa ni nyanya wa watu.

Miaka ile baada ya uhuru, wazungu walikuwa wanauza mashamba na wenyeji wananunua. Baba alikuwa na gereji ya matrekta, kazi tele. Lakini jamaa zetu wengi walifunga maduka wakaenda Uingereza, na mzee aliyekuwa akitusomea kitabu kitakatifu hekaluni akaenda pia.

Tukabaki familia chache. Nani atasoma? Wote wakanitazama mimi, msichana wa miaka kumi na miwili, kwa sababu sala ya asubuhi niliisoma bila kukosea.

Ukweli ni kwamba herufi zetu za Kipunjabi sikuzijua hata moja! Sala niliishika kwa masikio, jikoni kwa nyanya yangu, Biji. Kitabu nilikitolea macho tu. Msinicheke.

Mama akajifungua mtoto wa kiume. Kwetu, kitabu kinafunguliwa popote, mstari unasomwa, na jina la mtoto linaanza na herufi yake ya kwanza.

Siku ikafika, kitabu kikafunguliwa. Nikaanza sala yangu ya asubuhi, sauti juu, very confident.

Biji akainua mkono. Hakuwahi kuingia darasani, herufi hakuzijua, lakini alijua kila sala inakaa wapi.

"Hiyo iko mwanzo wa kitabu," akasema. "Hapa tumefungua katikati."

Wakuu, aibu niliyoiona siku hiyo! Nililia mpaka kwikwi.

Baba akasema kama hakuna msomaji, kitabu kipelekwe kwa wenzetu wa Kisumu, na jina likatafutwe huko. Biji akakataa kabisa. "Mtoto atangoja," akasema, akanishika bega. "Huyu atajifunza."

Sasa mwalimu yuko wapi? Biji akafungua ile sala ya asubuhi. "Maneno uko nayo kichwani. Tafuta yanakaa wapi."

Basi kila nikitoka shule, natamka neno, naweka kidole, nalinganisha. Biji kando yangu na sweta yake ya kufuma, eti ananichunga nisitoroke.

Wakati huo mtoto hana jina. Mzee mmoja Mkalenjin wa Sugoi, mteja wa Baba, hakuvumilia.

"Alizaliwa wakati gani?"

"Mvua ilikuwa inanyesha," Baba akajibu.

"Basi kwetu huyo ni Kiprop, mtoto wa mvua. Maneno imeisha!"

Town yote ikamwita Kiprop.

Miezi mitatu baadaye tukarudi hekaluni. Kitabu kikafunguliwa katikati, ukurasa nisioujua. Nikaweka kidole, nikavuta pumzi.

Kabla sijafungua mdomo, Biji akaitaja ile herufi. Kwa sauti. Kumbe naye alikuwa akijifunza, sweta ilikuwa ya kuzugia tu! Baba alilia mbele ya watu.

Tukamwita Jaswant. Kiprop haikutoka, hata leo akinipigia, simu yangu inasema Kiprop. Na kitabu hakikuenda Kisumu.

Nilichojifunza: kukariri kulinisaidia, kilichoniumiza ni kujifanya. Sasa wajukuu wangu, mabingwa wa simu, wanakaa nami Jumamosi na kidole kwenye mstari. Mimi nakaa kando nafuma sweta.

Nyinyi lugha ya nyumbani mnaisoma, ama mnaijua kwa masikio tu? Semeni ukweli, hapa hakuna Biji wa kuwainulia mkono.