Shikamoo ya Vällingby

Mwaka wangu wa pili Stockholm nilikuwa na hamu ya kuamrishwa. Najua inasikika vibaya. Nilikuwa nasomea uuguzi, naishi peke yangu katika chumba kimoja huko Farsta, na wiki nzima sikusikia neno la Kiswahili isipokuwa lile nililojisemea mwenyewe nikiosha vyombo. Siku niliyoingojea ilikuwa Jumanne. Mchana nilipanda treni hadi Vällingby kumsaidia mzee mmoja kazi za nyumbani, naye alinipokea kila mara kwa maneno yaleyale: "Ingia. Funga mlango. Pika kahawa." Kwa Kiswahili. Mwingine angekasirika. Mimi nilikuwa naanza kutabasamu tangu kwenye ngazi.

Mzee huyo alikuwa mwanasheria mstaafu. Mke wake alikwisha kufa na mtoto hawakupata. Kwa karibu miaka arobaini alikuwa wakili wa kundi la walowezi wa Kiswidi waliolima kahawa kwetu, milimani kaskazini, wakati wa ukoloni. Hati za mashamba aliandika yeye, mikataba ya vibarua yeye, barua za kwenda serikalini yeye. Hata kijitabu cha Kiswahili walichopewa walowezi kabla ya kupanda meli alikitunga yeye, kwa maneno aliyoyaokota kwenye barua zao, na humo ndimo alimojifunzia. Kurasa zote ni leta, beba, kata, ondoka. Huko mashambani kwenyewe hakuwahi kukanyaga. Kwanza vita, kisha ugonjwa wa mke, kisha serikali yetu ikayachukua mashamba. Maisha yake yote aliyamaliza kwenye meza moja iliyotazama theluji, akiwagawia watu ardhi asiyoijua. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo iliniudhi.

Mwezi wa pili akapata barua kutoka usharika wa jirani. Wageni wa kanisa walikuwa wanakuja kutoka kwetu, na mmoja wao, mzee wa kanisa, zamani alikuwa nyapara kwenye mashamba yale. Alikuwa ameomba kuonana na wakili. Barua ilitaja na umri wake: alimzidi mwenyeji wake miaka sita.

Mzee aliisoma mara tatu. Kisha akaniambia kwa Kiswidi, bila kunitazama, kwamba katika kitabu chake hakuna neno la kumkaribisha mtu.

"La kumfukuza lipo?" nikamuuliza.

"Yapo manne," akajibu, na hakuwa anatania.

Nikamwambia kwamba huyo ni mkubwa wake, kwa hiyo hapana budi ampe shikamoo. Akataka kujua maana yake. Nikamweleza kama nilivyoelezwa nyumbani: unamwambia mtu kwamba unashika miguu yake. Akauliza kama neno hilo linamfunga msemaji kisheria. Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Yeye hakucheka. Jumanne mbili alikataa katakata kulitamka. Ya tatu, nilipokuwa navua koti, nikasikia nyuma yangu sauti ndogo: "Shikamoo." Ananipa mimi, msichana wa miaka ishirini na mitatu! Nikamwambia hapana, mzee, hiyo mwekee mgeni. Nikamfundisha na marahaba, ili akiitikiwa ajue kwamba ameitikiwa. Tukafanya mazoezi. Natoka nje, napiga kengele, anafungua, anasema, naitikia kwa sauti nzito ya kizee. Nilitaka sana alitamke neno lile siku ya siku. Niliona kwamba akilitamka, jambo moja angalau litakuwa limekaa sawa, na mimi ndiye nitakuwa nimelikalisha.

Siku yenyewe mzee alivaa tai, na kwa wasiwasi alijikata kidevu aliponyoa ndevu. Kengele ilipolia alikwenda kufungua mwenyewe. Mgeni alikuwa mrefu, amevaa koti la kuazima ambalo mikono yake ilimwishia juu ya vifundo vya mikono. Alipomwona mwenyeji wake, alivua kofia upesi na kuinama.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

Mzee wangu alifungua mdomo, akasita kidogo, kisha uso wake ukang'aa.

"Marahaba," akasema. Alilitamka vizuri sana.

Ningeweza kusema kitu. Nilisimama na sinia mkononi, na mlango ukafungwa.

"Kaa," mzee akamwambia. Mgeni akakaa ukingoni mwa kiti. "Kunywa kahawa." Akanywa. Mzee alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo, akainuka kwenda chumbani kutafuta picha za mashamba.

Tulipobaki wawili nikamwamkia mgeni.

"Marahaba, mjukuu wangu," akaniitikia, na akaishusha sauti. "Barua ya kutuhamisha kutoka ardhi yetu kule mtoni ilikuwa na saini ya huyu. Nilitaka niuone uso wake tu. Kwenye ndege njia nzima nilijiambia, nitampa mkono, basi. Mkono na jina langu. Sasa ulimi umenitangulia."

"Yeye ndiye alikuwa akuamkie wewe, babu. Mwezi mzima amejifunza."

Akanitazama.

"Sasa mbona ameitikia?"

Nikamwongezea kahawa. Mzee akarudi na picha, na mgeni akazipokea kwa mikono miwili.

Jioni, mgeni alipokwisha ondoka, mzee aliniuliza kama amefanya vizuri. Ukweli nilikuwa nao mdomoni. Lakini nilikiona kile chumba changu na wiki nzima isiyo na sauti ya mtu, nikaogopa.

"Vizuri sana," nikamwambia.

Akaketi palepale akawaandikia walowezi wachache waliokuwa bado hai barua moja ya kupokezana, kisha akanisomea kwa fahari: yule nyapara wetu alikuja mwenyewe kutoka mbali, na hajasahau adabu. Akabandika stempu, akanipa nikaitie posta.

Kituoni nilisimama mbele ya sanduku la barua na bahasha ile mkononi. Treni mbili zikapita. Ya tatu ilipokuja, nikaitumbukiza.