Nisomee Wewe, Una Sauti Nzuri

Juzi baada ya alasiri nilikuwa kwa jirani yangu hapa Wawi, mimi, yeye na mumewe, tunatazama tamthilia ya polisi kwenye televisheni. Mshukiwa kapewa karatasi ya maelezo aisome, kisha atie saini. Akaigeuza, akakohoa, akamwambia askari wa kike: "Nisomee wewe, mwanangu, una sauti nzuri."

Mimi skuli sikwenda, nikajua palepale kwamba hajui kusoma. Wale askari nusu ya kipindi ilipita hawajang'amua.

Jirani yangu alikuwa akisuka ukili wa mkeka. Mikono ikasimama. Akamgeukia mumewe taratibu, kwani kila ujumbe wa mtoto wao aliyeko Maskati ukiingia, mzee humpa simu kwa maneno hayohayo. Bibi wa watu kajigamba nayo miaka, hata harusini. Na nani angeshuku? Msahafu mzee anausoma vizuri; kumbe herufi za skuli hazijui.

"Mume wangu, kumbe miaka yote hii hukuwa ukinisifu?"

Mzee akavua kofia, akaivaa tena. "Kusoma sijui, mke wangu. Lakini sauti nzuri naijua."

Bibi akajikaza asicheke, akashindwa, akamtupia ukili. "Mwongo mkubwa! Kesho utakwenda darasa la watu wazima. Na simu ya mwanangu nitaisoma mimi vilevile, hata ukihitimu."

Mshukiwa wa televisheni aliachiwa huru. Huyu wetu kafungwa maisha, na kwa alivyokuwa akitabasamu, sidhani kama atakata rufaa.