Kunguru Walioijua Sura Yangu

Kunguru wa kwanza alinipiga kisogoni saa tatu asubuhi, nikiwa nimebeba ngozi mbichi ya ng'ombe begani.

Nikadhani ni mtu. Niligeuka na ngumi.

Hapakuwa na mtu. Wa pili akaja usoni, akanichana juu ya jicho, damu ikanishuka hadi mdomoni. Wa tatu akaning'ang'ania sikio. Mpaka nafika chini ya bati walikuwa kama ishirini, na makelele yao yaliwafanya wenzangu waache kazi na kunitazama.

Tulikuwa watu kumi na wawili uwanjani. Kumi na mmoja hawakuguswa hata na unyoya.

Msidhani naongeza chumvi. Kovu ninalo hapa juu ya nyusi.

Nianze vizuri. Familia yetu inatengeneza ngozi. Tunazichukua machinjioni, tunaziloweka kwenye mapipa ya chokaa, tunazikwangua nywele na mafuta, tunaziwamba juani. Harufu yake usiombe. Mke wangu alinikimbia kwa sababu ya harufu hiyo, ingawa mbele ya wazee alitaja mambo mengine.

Kiwanda kilikuwa cha baba. Aliishi vyumba viwili nyuma ya uwanja, macho yake yamefifia, na marafiki zake walikuwa kunguru. Kila asubuhi aliwarushia mafuta tuliyokwangua. Mzee alikuwa mkali kwelikweli, lakini na ndege wale aliongea kwa upole ambao sisi wanawe hatukuwahi kuuonja.

Wiki tatu kabla ya kunguru kunivamia, siku ya mapumziko, nilikwenda machinjioni peke yangu. Niliporudi nikamkuta baba amelala kifudifudi kando ya pipa la chokaa.

Kichwa kilikuwa kimepasuka. Nondo tunayokorogea chokaa ilikuwa pembeni, imeganda damu na mvi zake. Karibu na mkono wake alilala kunguru mmoja aliyenyongwa, shingo imezungushwa mpaka mdomo umeelekea mgongoni.

Baba hakufa. Lakini alirudi kutoka hospitali bila maneno, na upande wake wote wa kulia ulikuwa umekufa ganzi.

Sasa sikilizeni hili.

Siku alipoletwa nyumbani niliingia chumbani kumwona. Baba akapiga yowe. Akajikunyata ukutani, akafunika kichwa kwa ule mkono mmoja mzima, godoro likalowa mkojo.

Dada yangu, mkubwa wetu, ndiye aliyekuwa akimwogesha. Akamtazama baba, akanitazama mimi.

"Toka," akasema.

"Dada, nisikilize kwanza."

"Toka kabla sijakumwagia haya maji ya moto."

Nikatoka. Nilikaa nyuma ya mapipa nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Baba yangu mzazi aliamini kwamba mimi ndiye niliyempasua kichwa, na hakuwa na mdomo wa kuniuliza wala moyo wa kunisikiliza.

Kesho yake kiwanda, kilichokuwa kimefungwa wiki zile tatu za hospitali, kikafunguliwa, nami nikarudi kazini; ndipo kunguru wakaanza. Asubuhi, mchana, jioni. Nikibadili shati, wananijua. Nikipita mlango wa nyuma, wanazunguka nyumba kunifuata.

Fundi mkuu, mtu aliyekuwa na baba miaka ishirini na minne, alinivumilia siku kumi. Ya kumi na moja akaweka kisu cha kukwangulia chini, taratibu.

"Mzee hawezi kusema," aliwaambia wenzake. "Ndege wake wanasema."

Hakuna aliyebisha. Walinikokota hadi kwenye sakafu ya kuoshea ngozi. Nilipigwa mateke ya mbavu, nikapigwa kwa mpini wa koleo, nikapigwa nikapigika. Mmoja alinikanyaga vidole vya mkono wa kushoto mpaka nikasikia vinavunjika. Kisha wakanishika nywele wakanizamisha uso kwenye pipa la chokaa.

Chokaa ikiingia machoni huhitaji kuelezewa moto wa jehanamu.

Aliyeniokoa ni mwanamke mwenye darubini shingoni. Alikuwa mtafiti wa ndege, amekuja kuhesabu kunguru baada ya majirani kulalamika kuhusu makelele. Alipiga filimbi aliyokuwa nayo, wale jamaa wakadhani ni polisi, wakatawanyika. Alinimwagia maji machoni nusu saa nzima, hakusita wala hakuniuliza ni nani.

Nikiwa nimelala pale nikamsimulia. Yeye akatabasamu kidogo, kitu kilichonikera sana.

"Kaka, hayo si majini wala laana," akasema. "Kunguru anashika sura ya mtu. Kuna watafiti waliovaa barakoa ya sura ya mtu, wakawakamata kunguru. Wakawaachia. Miaka ikapita, kila aliyevaa barakoa ile alipigiwa kelele na kushambuliwa. Hata vifaranga waliozaliwa baadaye walijifunza kumchukia."

"Kwa hiyo walioniona ni wangapi?"

"Mmoja anatosha. Akikuona umemshika mwenzao aliyekufa, anawapa wengine habari. Wewe uliua kunguru?"

"Sijawahi."

"Basi kuna mtu aliyeua, na sura yake ni hii."

Akanielekezea kidole usoni, kama mtu anayetania.

Sijawaambia kwamba nina pacha. Sikuwaambia kwa sababu mwenyewe nilikuwa nimeshamtoa akilini. Tulizaliwa kulwa na doto, sura moja, sauti moja, hata meno yamekaa vilevile. Miaka mitatu iliyopita aligombana na baba, akahamia mji wa mbali, hakurudi tena. Tulipompigia kumwambia baba ameumizwa, alilia kwenye simu mpaka dada akawa anambembeleza yeye.

Nilimfuata dada kwenye kamba ya nguo. Nikasimama mbali, yale maji ya moto sikuwa nimeyasahau.

"Mpigie pacha wangu," nikamwambia. "Mwambie baba yu mahututi, aje. Habari za kunguru usimtajie."

Dada si mjinga. Alielewa kabla sijamaliza.

"Mna sura moja," akasema. "Ndege watampiga na yeye. Nitajua nini hapo?"

Nilitaka tu kumwona machoni.

Alikuja Jumamosi kabla ya adhuhuri, na pikipiki. Dada alikuwa amemtoa baba nje kwenye kiti aote jua, mlangoni mwa chumba. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia.

Alizima pikipiki getini. Akashusha kioo cha helmeti mpaka chini, akafunga zipu ya jaketi mpaka kidevuni, na jua lile. Akavuka uwanja mbio, ameinama, mikono juu ya kichwa kama mtu anayekimbia mvua ya mawe.

Kunguru walikuwa juu ya ukuta, wametulia. Sura hawakuiona.

"Karibu, mdogo wangu," dada akamwambia. "Mbona huvui helmeti? Hapa si kwenu?"

"Nitavua ndani. Hao ndege wa mzee wana wazimu."

Dada alikuwa ameshika kikombe cha uji. Akakiweka chini polepole.

"Miaka mitatu hujakanyaga hapa," akasema. "Na zamani hawakumgusa mtu. Nani kakwambia wana wazimu?"

Kupitia kioo kile hatukumwona macho, lakini mabega yake yalishuka, na mimi nikatoka.

Hakuniacha niseme neno. Alivua helmeti akanipiga nayo mdomoni, meno mawili yakatoka. Nikamvaa kiunoni. Tulibingirika mpaka kwenye mapipa, tukang'atana, tukakabana, na kunguru wakatushukia wote wawili bila ubaguzi. Nilimkandamiza chini, nikampigiza kichwa kwenye saruji, mara mbili. Ndipo akasema.

"Aliniita jina lako!"

Nikasimamisha mkono.

"Nilikuja kumwomba radhi," akasema, damu ikimtoka puani. "Akadhani ni wewe. Akanishika mkono kwa furaha. Akaniambia, yule mwenzako simtaki hata kwenye mazishi yangu. Alikuwa anacheka."

Hapo ndipo nilipopaswa kuacha. Dada alikuwa amesikia. Fundi mkuu na wenzake walikuwa wameacha kazi na kutuzunguka, wamesikia. Nilikuwa nimeshinda mbele ya watu wote.

Lakini nondo ilikuwa pale, imeegemezwa pipani, na damu yangu ilikuwa imechemka siku thelathini na tano.

Ya kwanza ilimvunja goti. Sauti yake nalala nayo. Ya pili ilimvunja mfupa wa bega. Ya tatu niliielekeza kichwani, na sitawadanganya, nilikuwa namuua, na nilikuwa nafurahia. Dada aliurukia mkono wangu akaning'inia kwa uzito wake wote huku akiliita jina langu.

Nikageuka kutafuta pumzi, nikakutana na macho ya baba.

Mzee asiyeona vizuri, lakini hatua nne kutoka kwake aliona vya kutosha. Aliiona sura, akaiona nondo juu. Akafunika kichwa kwa mkono wake mmoja.

Pacha wangu alihukumiwa, anachechemea gerezani hadi leo. Fundi mkuu aliniomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, na mimi nikampa mkono. Dada alimweleza baba kila asubuhi, kwa subira ambayo mimi sina. "Si huyu, baba. Ni yule mwingine. Huyu ndiye mwanao aliyebaki nawe." Baba alisikiliza, wakati mwingine alitikisa kichwa kukubali. Kisha mimi nikiingia na sahani ya chakula, mkono unapanda juu ya kichwa.

Alifariki siku ya kumi na moja baada ya ugomvi ule. Hakuniruhusu nimshike hata kidole.

Wewe unayesoma hapa labda kuna mtu amekuonea, na haki iko upande wako kabisa. Itafute. Ipiganie kwa ushahidi, kwa sheria, kwa mdomo. Ukishaipata, nenda zako nyumbani.

Mimi haki yangu ilikuwa kamili mpaka nilipoishika ile nondo. Baba aliondoka duniani na picha yangu nimeinua nondo juu ya kichwa cha mtoto wake, na safari hiyo hakukosea mtu.