Sabuni ya Maganda ya Ndizi

Maganda ya ndizi yakichomwa hutoa harufu nzito, tamu kidogo, inayong'ang'ania kwenye nywele na blanketi. Msimu ule wa vita nyumba yetu ya Butembo ilinuka hivyo kutwa nzima. Barabara zilikuwa hazipitiki, baba amekwama Kirumba na lori la tajiri wake, na sabuni imeadimika sokoni. Mama alikuwa mja mzito, na zahanati ilimtaka kila mzazi aje na sabuni yake.

Aliyetufundisha kuchoma maganda alikuwa Mama Kahindo, aliyekimbia vita upande wa Beni. Alifika kwetu na mtoto mgongoni na bidoni, dumu la mawese, kichwani. Vingine vyote alikuwa ameviacha. Mama hakuwa akimjua, lakini alimpa chumba cha nyuma, na baada ya siku chache wakawa wanakoroga sufuria moja, mama akiimba nyimbo za Kikatoliki na mwenzake za Kiprotestanti, kwa sauti ya chini, bila kugombana.

Majivu waliyachuja kwa maji ndani ya ndoo iliyotobolewa chini. Maji yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya chai, na Mama Kahindo aliyapima kwa unyoya wa kuku: ukitoka mzima, maji bado dhaifu, yarudishwe motoni. Mara ya kwanza walikosa subira, mawese yakaelea juu na kukataa kushikana. Mara ya pili maji yalikuwa makali mno. Mama alijaribu povu lake mkononi na ngozi ikachubuka. Mawese yaliyobaki yalitosha sufuria moja tu. Safari hiyo walichemsha polepole, wakatia chumvi ili sabuni igande, kisha wakakata vipande vya kahawia na kuvipanga juu ya ubao. Mama Kahindo alisema vikae majuma kadhaa vipunguze ukali, la sivyo vitamuunguza mtoto mchanga.

Vilikuwa vimekaribia kuwa tayari risasi zilipoanza kulia upande wa soko. Tulikimbilia shambani kwa bibi, juu ya vilima, mama akitembea ameshika kiuno. Tulipofika ndipo tukagundua kwamba hakuna aliyebeba sabuni. Asubuhi iliyofuata uchungu ulianza. Mama Kahindo alimshusha mwanawe mgongoni, akanikabidhi.

"Masika, umubebe Kahindo. Mi narudi nyumbani kukamata ile sabuni."

Mama alimshika kitenge. "Hapana enda, mama Kahindo. Ni sabuni tu. Bakikuua juu ya sabuni, nitamwambia mutoto wako nini?"

"Utamwambia nilienda juu ya mutoto wako," alijibu, akashuka kilima.

Sijawahi kuona asubuhi ndefu kama ile. Kahindo alinililia shingoni, nami niliitazama njia hadi macho yakauma. Mama yake alirudi jua likiwa utosini, miguu imejaa matope, vipande vikiwa vimefungwa kwa majani ya mgomba. Mkunga wa kijiji alichukua kimoja, akakigusa kwa ulimi, akaosha mikono hadi viwiko kwa maji baridi. Povu lilikuwa jeupe na zito. Aliuliza sabuni ile imetoka wapi. Mama, katikati ya maumivu, alimnyooshea kidole rafiki yake, akaanza kulia. Mdogo wangu alizaliwa kabla ya jua kutua, akaogeshwa kwa sabuni ile ile, na ngozi yake haikupata hata kipele.

Leo nina karakana ndogo Beni, mtaa wa Mulekera. Natengeneza sabuni ya maji kwa mafuta ya mawese na ya kokwa za mchikichi. Nina mizani, mashine ya kukorogea, na karatasi inayobadilika rangi kunijulisha ukali. Mwaka jana nilimleta Mama Kahindo aione. Alizunguka taratibu, akagusa mapipa, akaipaka sabuni yangu mkononi na kuinusa, akasema ni muzuri, ngozi inabaki laini. Nilifurahi kama mtoto. Kisha akasimama mbele ya mashine, akaniuliza bila kunitania:

"Masika, siku mutakimbia, hii utaibeba namna gani?"

Huko vijijini watu walikuwa wanakimbia juma lile lile. Nikamwekea kiti, tukakaa.