Mji wa Kutembea na Bastola

Mtu aliyemuua mume wangu aliniambia, "Usiogope mama, uko salama sasa."

Na alikuwa anasema kutoka moyoni.

Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu. Leo nalimwaga hapa, kila mtu alisome anavyoweza.

Naitwa Marlene Kessler. Nimezaliwa Newark, nimekulia Newark, na ningezeekea hukohuko. Mume wangu alikuwa Dwight, fundi wa lifti. Pande la mtu, sauti kama ngoma, lakini mwekee filamu ya mbwa aliyepotea uone nani ataanza kulia.

Dwight alikuwa na bastola moja, kihalali kabisa. Jumamosi anakwenda kulenga shabaha, akirudi anaisafisha kwenye meza ya jikoni, mimi namfokea kwa kunichafulia kitambaa. Maisha ndiyo yalikuwa hayo.

Mpaka siku walipomvizia kwenye maegesho ya magari kazini kwake.

Mchana kweupe. Jamaa wawili na bomba la chuma. Pigo la kwanza lilitua kwenye taya. Akainua mkono wa kushoto kujikinga, vidole vikavunjika kama vijiti. Alipoanguka hawakuacha. Waliendelea mpaka mmoja wao akachoka.

Walichukua simu na viatu.

Viatu, jamani. Mtu anatapika damu na nyinyi mnamfungua kamba za viatu.

Bastola ilikuwa wapi? Nyumbani, kwenye kasha la chuma. Kwetu New Jersey kutembea nayo njiani ni shughuli, kibali chake unakisotea mpaka unakata tamaa.

Taya lake likafungwa nyaya, akawa anakunywa chakula kwa mrija. Siku nyaya zilipotolewa, neno lake la kwanza halikuwa asante kwa daktari.

"Marlene, tunahama."

"Tunahamia wapi?"

"Mji ambao mtu akitaka kunipiga bomba, kwanza ajiulize nina nini kiunoni."

Nikadhani ni hasira, zitapoa. Wapi. Kila jioni baada ya chakula jamaa yuko kwenye simu anachambua miji kama mtu anayechagua mchumba. Mwenzenu naulizia hospitali, kanisa, hali ya hewa. Yeye swali lake ni moja: je, hapo naruhusiwa kutembea nayo?

"Boise," ananiambia. "Watu wastaarabu, sheria safi."

"Baridi ile nikafie huko? Magoti yangu haya?"

"Houston basi."

"Kila mwaka mafuriko. Wewe unaogopa wezi, mimi naogopa mamba sebuleni."

Akacheka, akishika taya maana bado lilikuwa linauma. "Haya mama mwenye nyumba. Tulsa, kule Oklahoma."

Tulsa sikuwa na la kusema. Nyumba bei nafuu, binamu yangu aliwahi kuishi huko akapapenda, na kwenye ramani hakuna bahari ya kunimeza. Nikasema sawa. Ndoa ndiyo ile, mara nyingine unasema sawa ili mwenzako apate usingizi.

Kwa sababu ukweli ni kwamba Dwight usingizi ulikuwa umemkimbia. Usiku anakagua mlango. Mtu akikohoa nyuma yake dukani, anageuka na ngumi imeshakunjwa. Sikuwa nahamia Oklahoma. Nilikuwa namtafuta mume wangu wa zamani.

Na niseme haki, kule Tulsa yule wa zamani alirudi.

Asubuhi ya kwanza alivaa bastola kiunoni, tukaenda kula maandazi ya siagi na mchuzi mzito wa soseji. Alitembea kama mtoto mwenye viatu vipya. Mhudumu aliiona, wala hakushtuka.

"Nikuongezee kahawa, mpenzi?" basi, kaishia hapo.

Dwight akaniinamia. "Umeona? Hapa sisi ni watu wa kawaida."

Yule mama wa kutuonyesha nyumba ndiyo kabisa. Anafungua mlango wa kabati: "Hapa mashine ya kufulia, hapa kasha la bunduki, hapa mafagio." Dwight akanitazama kama mtu aliyefika peponi.

Nyumba tuliipata. Ndogo, ina ukumbi wa mbele na mti wa njugu za pekani uani. Kabla ya kuhamia tukaenda duka la vifaa vya ujenzi kuchagua rangi, maana mwenye nyumba wa zamani alikuwa amepaka jiko rangi ya ini.

Nawaomba hapa msome taratibu, maana ilikwenda haraka kuliko nitakavyosimulia.

Dukani tulikuwa peke yetu na mama wa kaunta, mtu mzima, jina lake Wilma. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, kwenye makopo ya rangi, nabishana na nafsi yangu kati ya njano mbili. Dwight alikuwa kwenye misumari.

Nikasikia kishindo. Halafu sauti ya mtu anayetaka kupiga kelele na haziwezi kutoka.

Nikachungulia. Mwanamume mwembamba mwenye koti la kijani kamshika Wilma nywele juu ya kaunta, mkono mwingine una nyundo. Alishampiga. Akampiga tena, mbele yangu, kwenye sikio. Sauti ya lile pigo sitaieleza. Damu ikaruka mpaka kwenye kadi za mbegu za maua.

"Fungua droo," anamwambia. Yule mama hata hajui tena droo ni nini.

Dwight akatoka kwenye misumari, bastola mbele.

"Achia nyundo. Mwachie mama wa watu."

Hakupaza sauti. Yule mwizi akamtazama, akatazama lile tundu la bastola, akabwaga nyundo na kukimbilia mlango wa nyuma. Alinipita karibu mpaka nikasikia harufu ya jasho lake. Huyo, kaishia.

Dwight hakumfyatulia. Angeweza. Alimwacha akimbie, akazunguka kaunta akapiga goti pembeni ya Wilma, aliyekuwa ameteleza mpaka sakafuni.

"Marlene, taulo. Lete kitu chochote, anavuja sana."

Nikawa napapasa rafu kutafuta matambara.

Mlango wa mbele ukafunguka. Sikusikia "wewe simama". Sikusikia "tupa silaha". Nilisikia risasi.

Risasi ndani ya duka si kama kwenye filamu. Ni kama mtu amekupiga kofi kwenye masikio yote mawili. Ya kwanza ilimpata Dwight chini ya kwapa. Akajaribu kuinuka. Ya pili shingoni. Akaketi taratibu, mgongo kwenye kaunta, kama mtu aliyechoka kazi, na damu ikatoka kwa mapigo, ikamlowesha Wilma, ikalowesha sakafu yote.

Alinitazama. Midomo ilicheza. Akanyamaza.

Sikumbuki kutembea. Nakumbuka nimepiga magoti kwenye ile damu, bastola ya Dwight iko mkononi mwangu, imelowa, inateleza. Mlangoni amesimama kijana mwenye ndevu na shati la mistari, naye kaishika yake kwa mikono miwili, kainamisha mtutu chini.

Kichwani mwangu kulikuwa na wazo moja tu: huyu ni mwenzake yule mwizi.

Nikamlenga kifuani.

Nikavuta.

Haikulia.

Nikavuta tena kwa vidole viwili, kwa nguvu zangu zote, huku nalia. Kimya. Kile chuma hakikusogea.

Ndipo yule kijana akasema lile neno. "Usiogope mama, uko salama sasa. Weka chini. Nimeshampiga."

"Umempiga nani?"

"Mwizi."

Akamwonyesha Dwight kwa kidevu.

"Huyu ni mume wangu," nikamwambia.

Niliona uso wa binadamu ukibomoka. Sijui neno jingine. Alimtazama Dwight, akamtazama Wilma, akaiona nyundo. Akaketi palepale mlangoni, bastola kaisukuma mbali kwa mguu, akaanza kujipiga kichwa kwenye fremu ya mlango. Anajipiga tu, pa, pa, pa, mpaka paji likapasuka. Polisi walimkuta hivyo.

Dwight alifia sakafuni kabla gari la wagonjwa halijafika. Wilma akapona. Sikio moja halisikii na maneno yanamponyoka, lakini yuko hai. Yule wa koti la kijani walimkamata mji wa jirani. Mfukoni alikuwa na bisbisi. Bunduki hakuwahi kuwa nayo.

Kijana aliyemuua mume wangu aliitwa Garland Hoyt. Alikuwa anaingia kununua kamba, akasikia kelele akiwa bado nje, akaona kupitia kioo mwanamume amemwinamia mama anayevuja damu, bastola mkononi. Basi.

Hakushtakiwa. Waendesha mashtaka waliniketisha wakanieleza kwamba kwa sheria ya pale, mtu akiamini kwa haki kuwa anaokoa maisha ya mwenzake, anaruhusiwa kufyatua.

"Kwa hiyo mume wangu ana kosa?" nikauliza.

"Hapana mama. Naye alikuwa na haki."

"Na mimi nilipovuta?"

Mmoja wao akatazama meza. "Na wewe pia, mama."

Wote tulikuwa na haki. Maiti ni moja.

Aliyenimaliza kabisa ni mpelelezi, mama mmoja aitwaye Sowers. Alikuja kunirudishia pete na saa ya Dwight. Nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanitafuna: kwa nini ile bastola haikulia? Nilikuwa nimeshajiambia ilikuwa mbovu, kwamba Dwight angekufa tu hata kama angemwahi yule kijana.

Sowers akavuta kiti.

"Haikuwa mbovu. Ilikuwa na risasi, inafanya kazi vizuri. Ila kile kidude cha usalama, kinachoizuia isifyatuke, kilikuwa kimefungwa."

"Sijaelewa."

"Mwizi alipokimbia, mumeo aliifunga kabla ya kupiga goti. Nadhani hakutaka imfyatukie yule mama kwa bahati mbaya. Ndiyo maana uliivuta ikagoma."



Dwight aliifunga kwa ajili ya Wilma. Na kwa kuifunga akamwokoa Garland na mkono wangu, na mimi akaniokoa nisiwe muuaji. Alifanya hayo yote na yeye mwenyewe zimebaki dakika chache afe.

Garland aliomba kuniona. Ndugu zangu walisema nisithubutu. Nikaenda. Tulikaa kwenye benchi nje ya kanisa, ana kovu kwenye paji la uso.

"Mama Kessler, sina cha kukwambia."

"Basi niambie wewe ni wa wapi. Huongei kama watu wa hapa."

"Oakland, California. Nilikuwa na mwezi tu tangu nihamie. Dada yangu aliporwa kule, akachomwa kisu, nikasimama namtazama kwa sababu sikuwa na kitu mkononi. Nikaapa haitatokea tena. Nikatafuta mji ambao nitaruhusiwa kutembea na yangu."

Nikahisi benchi linazama.

"Ulitafuta miji gani?"

"Houston. Boise. Nikaona Tulsa nyumba ni rahisi."

Watu wawili wema, kila mmoja kavunjwa kwao, kila mmoja yuko kwenye simu jioni anachagua mji uleule kwa sababu ileile. Wakakutana kwenye duka la misumari.

Sikumkumbatia. Nisiwadanganye. Nilimwambia kwamba nilimlenga kifuani nikavuta mara mbili, na ningevuta ya tatu. Akasema anajua, aliniona. Tukakaa mpaka jua likatuchoma, halafu kila mtu akaenda kwake.

Newark sikurudi. Nimehamia mji mdogo huko Kansas, karibu na dada yangu. Mwenye nyumba aliniuliza kama nina silaha, nikamwambia hapana. Naye akanijibu yeye anazo nne, nisiwe na wasiwasi.

Sikuja hapa kuwaambia bunduki ni mbaya au nzuri, hiyo mtabishana wenyewe. Mume wangu aliitoa yake akamwokoa mwanamke, na Wilma anapumua leo. Lakini kama uko kwenye simu usiku huu unatafuta mji wa kuhamia na silaha yako, usiulize tu kama wewe utaruhusiwa kuibeba.

Uliza na wengine waliohamia pale wamebeba nini, na walikuwa wanakimbia nini.