Siku Niliyompandisha Barasa Mlimani Hatta

Nitaisimulia mara hii moja tu, tena kwa kuwa mmenibana, maana ni aibu ambayo hadi leo nikiikumbuka kitandani nageukia ukutani. Wengine wenu mlisikia kwamba Barasa ndiye aliyekwama mlimani. Hakuwa Barasa.

Tulikuwa walinzi huku Uarabuni, tunakaa mtaa wa Muhaisnah, chumba kimoja watu wanane, na Barasa alikuwa mgeni wa mwezi wa pili, mtu mpole wa Bungoma ambaye hata kitanda cha juu kilimshinda, akalala sakafuni hadi mmoja wetu alipomwonea huruma wakabadilishana. Sasa mtu huyohuyo ndiye ambaye supavaiza alimpangia kulinda jengo linalojengwa, ghorofa ya thelathini na nane, ambako kuta bado hazijawekwa na upepo unapita unavyotaka, kuanzia Jumapili. Barasa akaacha kula. Aliamini akikataa atarudishwa Kenya kabla hata hajamaliza miezi ya majaribio, na nyumbani alikuwa ameacha mke mjamzito na kipande cha shamba kilichouzwa ili yeye afike huku.

Mimi, badala ya kunyamaza, nikasema, "Huo ni woga tu, Barasa. Ijumaa twende Hatta nikupandishe mlima. Ukishuka, hiyo ghorofa utaiona kama stuli."

"Kwani ushawahi kupanda?"

"Mimi ni mtu wa Meru," nikamjibu (ambalo si jibu, lakini yeye alilichukua kama jibu na mimi sikumsahihisha). Mlima Kenya nimeuona kila asubuhi ya utoto wangu, kutoka mlango wa jikoni, nikinywa chai. Kuupanda, hapana.

Ijumaa hiyo kanisa letu lilikuwa na matembezi hukohuko Hatta, basi dogo limekodiwa, mikeka, mkaa, nyama, kwa hiyo tukaenda nao. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku saa kumi na mbili asubuhi, sijalala hata lepe, kichwa kizito, na mtu mwenye akili angejinyoosha kwenye mkeka na kungoja nyama. Kulikuwa na njia ya mbuzi, pana, inayozunguka polepole hadi juu, na kulikuwa na mgongo wa mlima, mwembamba, mawe yamechongoka, huku korongo na huku korongo. Nikachagua mgongo. Nilisema ile njia nyingine ni ya watoto.

Barasa alipanda kwa mikono na miguu, akitetemeka, akimtaja Yesu kila hatua, lakini alipanda. Mimi nilikuwa mbele natoa maagizo, shika hapa, kanyaga pale, usitazame chini, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa juu ya jiwe, tukaenda hivyo hadi mahali ambapo mgongo unabaki na upana wa benchi la kanisani, na hapo nikageuka nione amefika wapi, nikaona chini. Basi letu lilikuwa dogo kama kiberiti. Nilikaa, nikalikumbatia jiwe, na mwili ukakataa katakata kunisikiliza.

"Kaka Mwenda, tunaendelea?"

"Tunapumzika," nikasema.

Tukapumzika kama dakika arobaini.

Kule chini wakatuona. Watu waliacha nyama wakaja hadi mlima unapoanzia, kila mmoja na ushauri wake, na Dada Rispa wa kwaya akapaza sauti, "Ndugu Mwenda, mshike Barasa, usimwache." Kisha wakaanzisha wimbo wa kututia nguvu, isipokuwa waliouchagua ni ule ambao kwetu huimbwa jeneza likitolewa nyumbani. Nikalia. Mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, nililia na jiwe langu mikononi.

Barasa akaona. Akaanza kutambaa kuja kwangu, meno yakigongana, akanikamata mshipi. "Hata mimi naogopa," akasema. "Twende tu na huo woga. Weka mguu hapa, hili halitikisiki." Tukashuka kwa makalio, zaidi ya saa nzima, suruali yangu ikapasuka nyuma yote (akina dada wa kwaya waligeuza nyuso, wengine wakachelewa kugeuza). Mzee mmoja wa Kipakistani mwenye mbuzi zake alitupita pembeni akiwa na makubazi, akasema "Yalla, sadiq," yaani haya twende, rafiki, akaendelea na safari yake.

Tulipofika chini wakanipongeza kwa kumshusha Barasa salama. Walinishika mkono mmoja mmoja. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema asante. Barasa alikuwa ameshika sahani yake ya nyama, akanitazama, akala.

Jumamosi alienda mwenyewe kwa supavaiza. "Sir, naogopa juu. Siwezi." Basi. Yule bwana alikuwa anakunywa chai, akasema khalas, yaani yameisha, akamhamishia kwenye geti la kliniki mtaa wa Oud Metha, mahali nilipokuwa nikilinda mimi. Na kwa kuwa ghorofani lazima mtu aende, na dereva wa lile basi la Ijumaa, ambaye siku nyingine hutupeleka zamu, alikuwa ameshamsimulia sifa zangu za mlimani, akaandika jina langu.

Nilikaa kule miezi saba, mgongo umebana nguzo ya lifti, macho kwenye viatu. Kila asubuhi nilipokuwa nasaini mbele ya yule bwana, maneno yaleyale ya Barasa yalikuwa mdomoni mwangu, na kila asubuhi niliyameza nikaingia kwenye lifti. Barasa hakuwahi kunisema kwa mtu, ndiyo maana nimeona niseme mwenyewe: niliyekwama ni mimi, na yeye ndiye aliyenishusha. Siku hizi mtu akiniambia anaogopa, simpeleki popote. Namuuliza tu kama ameshamwambia supavaiza.