Mabua ya Kiangazi

Wanafunzi wanne wa sayansi ya udongo walikuja shambani kwangu Endamarariek baada ya mavuno, wametumwa na mwalimu wao wa chuo kikuu kufanya jaribio la kumalizia masomo. Walipanga chumba Karatu mjini, wakawa wanakuja asubuhi kwa bodaboda. Sehemu moja ya shamba waliitandazia mabua ya mahindi, nyingine wakaiacha wazi. Baada ya wiki kadhaa wangechomeka makopo yasiyo na kitako ardhini, wamimine maji na kupima ni wapi yanazama upesi.

“Chuoni tunagombania hadubini moja kama kuku na pumba, babu,” aliniambia kiongozi wao, binti mchangamfu. “Hapa angalau nashika mwenyewe.”

Niliwaeleza kwamba kwetu mahindi yakishavunwa shamba halina mwenyewe. Ng'ombe wa yeyote hula mabua popote. Wakazungushia kamba ya katani na kuning'iniza karatasi: JARIBIO, USIPITE.

“Ng'ombe wa huku wamesoma hadi darasa la ngapi?” nikawauliza. Tukacheka sote.

Jumapili moja, wao wakiwa mjini, nilitoka ibadani nikamkuta mama jirani akija na ng'ombe wake, mbavu zikihesabika. Nikamwomba awapitishe kando.

“Mzee, tangu lini mabua ya kiangazi yakafungwa kamba?”

“Ni ya watoto wa chuo, mama.”

“Na hawa wangu wale vitabu?”

Kiangazi kilichopita ng'ombe wangu waliponea shambani kwake. Hata hivyo alijitahidi kuwageuza, nami nikainua fimbo, lakini walikwisha kunusa mabua. Kamba ilikatika. Magoti yangu si ya kufukuzana na ng'ombe. Nilisimama nikamwita Bwana, nao wakala.

Kesho yake binti aliinama akagusa ardhi iliyovurugwa kwa kwato. Walizunguka vijijini hadi Daa kutafuta mabua mengine. Kote yalikuwa yameliwa.

Mwalimu wao alipofika kukagua, nilimweleza kwamba vijana hawakuzembea. Alinisikiliza kwa heshima.

“Nakuamini, mzee wangu. Lakini siwezi kutoa alama kwa vipimo ambavyo havipo. Watarudia baada ya mavuno yajayo.”

“Wenzetu watakuwa wameshavaa majoho,” binti akasema.

“Najua.”

Binti aliyakusanya makopo yake akayatia kwenye kiroba. Niliomba tusali kabla hawajaondoka, kwa kuwa ndilo pekee nililoweza. Nilimshukuru Mungu kwa uhai, kwa mwalimu, hata kwa ng'ombe wa jirani walioshiba. Nilipofika kwa wale wanne, maneno yakanikauka, mimi niliyeombea watu maisha yangu yote. Nikaomba mvua. Wakaitikia amina, na binti akaitikia pia, kwa sauti ndogo.